Dereva Aliyekuwa Akirudi Nyuma

Watu wa Sericho walikuwa wamelizoea lori la misheni kwa tabia yake moja: halikufika siku lilipotarajiwa. Mwaka ule wa 1984 mvua ilikuwa imekataa kabisa, ng'ombe wamebaki mifupa na ngozi, na kila mwenye masikio alikuwa akitega kusikia mngurumo wa lori hilo la Bedford ukitokea upande wa Garbatulla na magunia ya mahindi ya njano. Malori mengine yalitoka Isiolo alfajiri na kufika kesho yake. Lile la Hezekiah Lokaale lilichelewa siku nzima na zaidi, likafika limefunikwa vumbi, injini inachemka, na dereva mwenyewe macho mekundu kama mtu aliyekesha matangani.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejua sababu. Huyo ni Warfa, Msomali wa makamo aliyekuwa akipakia na kupakua magunia, akikaza turubali na kuketi kando ya dereva safari nzima. Na Warfa alikuwa amefunga mdomo.

Sababu yenyewe ilikuwa hii. Gurudumu likikanyaga jiwe, au likitumbukia shimoni, au Hezekiah akimpita mtu aliyesimama kando ya njia kisha asimwone tena kwenye kioo, wazo lilimjia kwamba amemgonga. Halikuja polepole kama shaka ya kawaida. Lilikuja na picha kamili: mtoto amelala chini ya kichaka cha miiba, mguu mmoja bado unatikisika, na mama yake yu mbali hajui lolote. Hezekiah alijua hajamgonga mtu, na papo hapo hakujua. Hakuwa na amani mpaka aligeuze lori zima na mzigo wake, arudi, ashuke, aangalie.

Alikuta jiwe. Alipanda, akaondoka. Kabla hajabadilisha gia, wazo likamuuliza kama aliangalia na upande wa pili wa kichaka. Akarudi. Safari hii aliangalia pande zote, akainama chini ya lori, akapapasa matairi akitafuta damu. Akaondoka. Wazo likamuuliza kama ana hakika lilikuwa jiwe lilelile.

"Warfa," alikuwa akisema, "kuna mtu pale?"

"Hakuna mtu, wallahi," Warfa alijibu, kama alivyojibu jana na juzi.

Baadaye, habari hii ilipokuja kujulikana, watu walipenda kuamini kwamba ilianza na ajali. Haikuanza na ajali. Hezekiah alikuwa ameendesha malori tangu 1974, kwanza ya ng'ombe kutoka mnadani, kisha hili la misheni, na hakuwahi kumgusa hata mtu mmoja. Ilianza mwaka wa 1981, mchana mweupe, akitoka Ngaremara. Gurudumu liligonga kitu, akasimama, akashuka, akaona ni gogo. Dereva gani mwangalifu asingefanya hivyo? Alirudi garini akiwa mwepesi wa moyo, na pengine wepesi ule ndio uliomponza, maana kesho yake aliutafuta tena. Kidogo kidogo jambo likaota mizizi, mpaka ikawa yeye ndiye anayelitumikia.

Alikuwa amejaribu dawa alizozijua. Mchungaji wa kanisa lao la Bulapesa alimwekea mikono kichwani na kumwombea, ingawa Hezekiah alimwambia tu kwamba ana mawazo mengi. Akawa na nafuu mpaka Jumatatu. Mama yake alichinja mbuzi na kumpaka kifuani uchafu wa tumbo la mbuzi huyo, kama watu wao walivyofanya tangu huko Turkana walikotoka. Nafuu ile nayo iliishia kwenye shimo la kwanza barabarani.

Kwa mkewe, Jemimah Nakuam, hakusema chochote. Jemimah alishona nguo kwenye baraza ya duka moja mjini, na kila mume wake alipochelewa alisikia wanawake wa pale wakinyamaza ghafla anapopita. Hakuwa mjinga. Alikwisha kujiambia kwamba iko nyumba nyingine Garbatulla.

Mambo yalifika kikomo mwezi wa Agosti. Msimamizi wa ugavi wa chakula pale misheni alikuwa Bwana Mathenge, mtu wa Nyeri, mwadilifu lakini mkavu, na njaa ile ilikuwa imemfanya amshuku kila mtu. Alisikia kwamba mahindi ya njano yanauzwa kwa siri madukani kandokando ya njia. Akamwita Hezekiah ofisini, akafunga mlango, akamuuliza huwa anasimama wapi, na kwa nini njia inayowachukua wenzake siku moja na kitu imchukue yeye karibu mara mbili.

Hezekiah alisimama mbele ya meza ile akiwa na maneno mawili ya kuchagua. La kwanza lilikuwa mwizi. La pili lilikuwa mwendawazimu. Aliyapima moyoni, akaona mwizi hufungwa kisha hutoka, na watu husahau. Akainamisha kichwa na kukaa kimya.

Warfa, aliyekuwa amesimama nje ya dirisha, hakuweza kuvumilia. Aliingia bila kubisha hodi.

"Bwana Mathenge, huyu si mwizi," alisema. "Huyu anatafuta maiti za watu ambao hajawaua."

Akaeleza yote, tangu gogo la Ngaremara mpaka juzi. Hezekiah alitazama sakafu. Mathenge alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta. Hatimaye alisema hamfukuzi kazi, lakini funguo za lori zitabaki pale mezani mpaka watu wa hospitali waseme neno. Hospitali ya wilaya, alisema, ilikuwa imepata muuguzi wa magonjwa ya akili.

Chumba cha muuguzi huyo kilikuwa mwisho wa jengo, nyuma ya stoo, na mtu aliyeonekana akikata kona ile alisemwa mji mzima kabla ya jua kutua. Hezekiah alizungukia nyuma, akipenya kati ya shuka zilizoanikwa. Aliandaa uongo kuhusu maumivu ya kichwa.

Muuguzi huyo, Sista Magdaline, alikuwa mwanamke wa Embu, mnene, wa sauti ya chini, aliyesomea kazi yake Nairobi. Alikuwa anamenya chungwa. Alisikiliza habari za kichwa kuuma bila kumkatiza, akampa nusu ya chungwa, kisha akamuuliza kwa upole kama kichwa hicho huuma akiwa nyumbani au akiwa njiani. Hezekiah alijikuta anasema ukweli wote, macho yakiwa kwenye maganda ya chungwa mezani. Alipomaliza alingoja aitwe askari.

Sista hakuita mtu. Alimwambia amewahi kukutana na wengine wa namna yake: mama aliyenawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, mwalimu aliyeshindwa kuondoka nyumbani kwa kurudia kuangalia kama taa imezimwa. Si wazimu, alisema. Ni ugonjwa unaojulikana, na kinachouma zaidi ni kwamba mwenyewe huona wazi kuwa anachofanya hakina maana, na bado anakifanya. Hezekiah aliinua macho kutoka kwenye maganda. Kwa miaka yote mitatu alidhani ni yeye peke yake chini ya jua.

"Sasa niambie," alisema Sista. "Ukirudi, unakuta nini?"

"Barabara tu. Jiwe."

"Unatulia?"

"Natulia."

"Mpaka lini?"

Hezekiah akafikiri. "Mpaka niweke gia."

"Na ukirudi tena mara ya pili, hakika yako inazidi ile ya kwanza, ama inapungua?"

Swali hilo hakuwahi kuulizwa na mtu, wala hakuwahi kujiuliza. Alikuwa ameiangalia barabara miaka hiyo yote, lakini hakuwahi kujiangalia yeye mwenyewe akiiangalia. Alifumba macho, akaona mchanga wa mbele ya Kulamawe. Mara ya kwanza alama za matairi yake huwa safi, zimenyooka, mtu angeweza kuzisoma: hapa nilipita, hapa hakuna aliyekatiza. Mara ya pili kuna alama za kwenda na alama za kurudi. Baada ya hapo mchanga wote umevurugika, alama za viatu vyake mwenyewe zimekanyaga kila mahali, na yeye amesimama katikati hawezi tena kusema ipi ilikuwa ya kwanza. Na kichwani mwake ilikuwa vivyo hivyo.

"Inapungua," alisema polepole. "Nikirudi nakanyaga alama zangu, Sista. Nazifuta. Kila nikirudi, najua kidogo kuliko nilivyojua kabla sijarudi."

Sista Magdaline aliweka kisu chini. Alisema hapo ndipo watakapoanzia.

Lakini Hezekiah hakuwa tayari kuliachia wazo lile hivi hivi. Alilitetea kama mtu anayemtetea jamaa mkorofi. Alisema wazo haliwezi kuja bure. Likija kwa nguvu namna ile, lazima iko sehemu yake iliyoona jambo. Sista akamuuliza kama ni wazo hilo tu linalomjia kwa nguvu. Hezekiah akasita, kisha akakiri kwamba kila anapovuka daraja la Archers humjia picha akilitumbukiza lori mtoni, na humtetemesha.

"Umewahi kulitumbukiza?"

"Hapana."

"Umewahi kutaka?"

"Hapana, Sista. Mungu anajua."

"Na lile wazo lina nguvu?"

"Sana."

"Basi nguvu ya wazo si ushahidi," alisema. "Ni nguvu tu. Linaweza kupiga kelele siku nzima na bado halijui kitu."

Aliporudi wiki iliyofuata, Warfa aliitwa pia. Sista aliwaeleza kazi itakayofanywa. Hezekiah ataendesha, wazo litakuja, na hatarudi. Hataangalia kioo zaidi ya dereva mwingine yeyote. Hatabishana na wazo wala kulifukuza, kwa kuwa kulifukuza nako ni kulishughulikia. Ataliacha likae lilipo, yeye aendelee na safari. Hakuwaficha kwamba mwanzoni hali itakuwa mbaya zaidi. Kisha akamgeukia Warfa, akamwambia kuwa lile jibu lake la "hakuna mtu, wallahi" ni sawasawa na kuligeuza lori. Ni kurudi nyuma kwa mdomo.

Warfa aliona neno hilo ni zito. Alisema huyu ni rafiki yake, wamelala pamoja chini ya lori na fisi wanalia. Atamnyimaje neno moja la kumtuliza?

"Mwambie hujui," alisema Sista.

"Lakini mimi najua."

"Hata yeye anajua. Kujua hakujamsaidia."

Mathenge, ambaye alikuwa amelainika kuliko alivyotaka kuonyesha, aliwapa Land Rover kuukuu ya misheni wafanyie mazoezi. Asubuhi ya kwanza walishika njia ya Ngaremara, Sista akiwa kiti cha nyuma. Walipita wanawake waliobeba kuni, na hatua chache mbele gurudumu likaruka juu ya kitu. Hezekiah alisikia damu ikimpanda masikioni. Picha ilikuja, ya mwanamke aliyeanguka na kuni zake zimetawanyika. Mikono yake ilianza yenyewe kukata kona, akairudisha. Walienda mpaka mwisho, wakarudi mjini kwa njia nyingine, naye akaketi barazani misheni akitetemeka kama mwenye malaria.

Sista aliketi karibu naye, hakumfariji. Alimwambia tu aangalie kinachotokea ndani yake, kama anavyouangalia mshale wa joto la injini. Hezekiah aliuangalia. Ulipanda, ukapanda zaidi, mpaka akaamini kwamba atapasuka. Hakupasuka. Ukasimama pale juu kwa muda mrefu, na baadaye, bila yeye kuongeza maji wala kufungua kitu, ukaanza kushuka. Alishangaa sana. Miaka yote aliamini kwamba ni kule kurudi ndiko kunakoushusha. Hakuwahi kuupa nafasi ushuke wenyewe.

Walirudia asubuhi nyingi. Siku nyingine zilikwenda vizuri, siku nyingine alishindwa na kugeuza gari, na Sista hakumkaripia.

Katika siku hizo ndipo alipomwambia mkewe. Jemimah alikuwa anapasua kitambaa cha sare za shule. Aliweka mkasi chini, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha naye alimwambia habari za yule mwanamke wa Garbatulla ambaye alikuwa amemjengea nyumba kichwani mwake, akampa jina, akamchukia. Walicheka, na kicheko cha Jemimah kikaishia kwenye machozi. Alimuuliza kama yeye pia hatakiwi kumjibu anapouliza.

"Wewe hasa usinijibu," alisema Hezekiah. "Wewe nitakuamini haraka, halafu nitauliza tena."

Funguo za Bedford zilirudi mkononi mwake mwishoni mwa Septemba. Walitoka Isiolo na mzigo kamili, na mpaka Kulamawe mawazo yalikuwa yamemrukia mara kadhaa, naye hakurudi. Warfa alikuwa anateseka kuliko yeye. Kila alipoulizwa alitazama nje ya dirisha na kusema, "Sijui, dereva," kwa sauti ya mtu anayelazimishwa kula udongo.

Walikuwa wameipita Garbatulla, jua limekwisha kuwa kali, ndipo kundi la mbuzi lilipokatiza njia kutoka kisimani. Hezekiah alipunguza mwendo, mbuzi wakapita, na mmoja wa kahawia, akiwa amekwisha kuvuka, akageuka ghafla kumfuata mwanawe aliyebaki nyuma. Ulisikika mshindo mdogo. Hezekiah alikuwa amekwisha kukanyaga breki, amekwisha kushuka, amekwisha kupiga magoti chini ya bampa, kabla ya wazo lolote kumjia.

Mwenye mbuzi alikuwa Mborana mmoja, mama mtu mzima aitwaye Gumato. Alikuja na fimbo yake na hasira yake, na hasira hiyo ilikuwa ya haki: katika ukame ule wote alikuwa amemtunza mbuzi yule kwa majani aliyoyakata kwa mkono, kwa sababu ndiye aliyebaki na maziwa.

"Ni mimi, mama," alisema Hezekiah. "Mimi ndiye nimemgonga."

Warfa alimchinja mnyama upesi kabla hajafa, ili nyama isiharibike. Hezekiah aliahidi kwamba safari ijayo ataleta mbuzi mwingine wa maziwa kutoka zizi la mama yake. Gumato alimpima kwa macho tangu utosini mpaka viatuni, Mturkana huyu anayemwahidi mbuzi, akasema ataamini akimwona mbuzi mwenyewe. Wakasaidiana kumpakia nyama juu ya punda wake, na wakaachana bila maneno mabaya.

Lori lilikuwa limekwenda kitambo ndipo Hezekiah alipomgeukia mwenzake.

"Warfa. Umeona? Sikukuuliza."

"Hukuuliza," alisema Warfa, na yeye pia alikuwa amelifikiria.

Kwa saa nzima Hezekiah aliendesha akiwa kama aliyefunguliwa kamba. Hivi ndivyo ilivyo, basi. Ukigonga, mwili wote unajua, na huhitaji kushauriana na mtu. Miaka yote alikuwa akijiuliza swali ambalo aliyegonga kweli haulizi. Alipanga atakavyomweleza Sista, neno kwa neno.

Kisha, mbele kidogo, tairi la kushoto likapita juu ya kitu laini, na wazo likarudi likiwa limevaa nguo mpya. Likasema kwamba Hezekiah alimsikia mbuzi kwa kuwa alimwona. Mtoto aliyelala kivulini, upande ule wa Warfa, na gari zito namna hii, angemsikiaje? Na mtu anayejivunia kwamba hujua kila anapogonga, si huyo ndiye wa hatari kuliko wote?

Hezekiah alisimamisha lori katikati ya njia, injini ikinguruma. Alijiona kama mtu aliyejenga nyumba asubuhi na kuikuta imepeperushwa mchana. Alijitahidi kunyamaza, akashindwa.

"Warfa, kuna mtu pale?"

Warfa alitazama nje ya dirisha. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na ilionekana wazi kwamba alikuwa tayari kuapa kwa kila kitu kitakatifu.

"Sijui, dereva," alisema mwishowe.

Na Hezekiah, badala ya kukitazama kioo, alilitazama lile wazo. Aliliona jinsi lilivyokuwa linazunguka likitafuta pa kuingilia. Alilionyesha mchanga, likataka kichaka. Alilipatia kiapo cha Warfa, likataka kingine. Leo alilipatia mbuzi mzima, na limekwisha kummeza na linataka zaidi. Halikuwa linatafuta mtu barabarani. Lilikuwa linatafuta hakika, na hakika hiyo haikuwepo popote njiani kati ya Isiolo na Sericho. Hakuwa na jibu la kulipatia. Akaona pia kwamba si lazima alijibu.

Aliweka gia, akaenda. Hakwenda kwa sababu amejua hakuna mtu. Alikwenda bila kujua, akisema moyoni kwamba kama atafika Sericho na hofu hii, basi atafika nayo. Alipita miti, akapita vilima vya mchwa, akapita ngamia waliosimama bila mchungaji. Mahali fulani ambapo hakuweza kupataja baadaye, alijikuta anawaza chai, na kama kibanda cha Sericho kitakuwa na sukari.

Walifika kesho yake jua likiwa bado juu, na hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Hakuna aliyekuwa amejisumbua kujipanga, kwa kuwa hakuna aliyeamini kwamba lori lingefika siku hiyo. Wanawake walitoka manyattani wakikimbia huku wanafunga leso, na mzee mmoja aliuliza kama dereva wamembadilisha. Warfa akasema ni yuleyule, na ilibidi ageuke apanguse uso.

Safari iliyofuata mbuzi wa Gumato alipanda lori pamoja na magunia. Gumato alimkagua meno, chuchu na kwato kwa muda mrefu, kisha akamtolea Hezekiah kibuyu cha maziwa, na tangu hapo lori lile halikupita kwake bila kusalimiwa.

Sista Magdaline aliposikia habari za mbuzi yule alicheka, lakini alimwonya asimfanye kuwa dawa. Hezekiah alisema amekwisha kuligundua hilo siku ileile.

Haikuwa kwamba alipona kabisa. Mwaka wa 1986, mtoto wao wa pili alipokuwa mgonjwa na Hezekiah hakulala vizuri kwa wiki kadhaa, mawazo yalimjia kama nzige. Njia ya Kinna ilimshinda. Alirudi na kurudi mpaka giza likaingia, na alipofika nyumbani alikuwa ameinama kwa aibu. Alienda kwa Sista akidhani yote yamebomoka.

"Ulipokuwa unarudi, ulijua unafanya nini?" Sista alimuuliza.

"Nilijua. Nilijiona kabisa. Nilisema, ni ule ugonjwa, na bado nikageuza."

"Zamani ulikuwa unasema ni ugonjwa?"

"Zamani nilikuwa nasema ni mtoto."

Sista alisema basi hajarudi alikotoka, na wakaanza tena mazoezi, kidogo kidogo. Mwaka uliofuata Sista alihamishiwa Machakos. Hezekiah aliogopa sana siku ya kumuaga, na hata njiani kutoka hospitali wazo lilimwambia kwamba sasa hana mtu. Aliliacha liseme.

Mwaka wa 1988, baada ya mvua ndefu, misheni ilimtuma apeleke mabomba ya kisima Korbesa, na Jemimah akapanda naye ili amwone dada yake aliyekuwa akifundisha chekechea Merti, karibu na huko. Warfa alilala juu ya turubali nyuma, akikoroma. Nchi ilikuwa imefunikwa na majani mabichi, na kila mahali palikuwa na ndama. Jemimah alikuwa anasimulia ugomvi wa jirani zao wawili, mmoja akidai kwamba mwenzake amemwibia jogoo, na jogoo mwenyewe alikuwa ametulia juu ya paa muda wote akiwatazama.

Walipita kundi la ng'ombe lililotimua vumbi hadi hawakuona mbele, na katikati ya vumbi hilo gurudumu likaruka juu ya kitu.

Jemimah aliona vidole vya mumewe vikikaza kwenye usukani.

"Limekuja?" aliuliza.

"Limekuja."

"Linataka nini?"

"Turudi."

Jemimah aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyetajiwa hali ya hewa. Hakumwambia kwamba hakuna mtu. Alijifuta vumbi usoni kwa ncha ya leso, akaendelea kueleza jinsi yule jirani wa pili alivyopanda ngazi kumfuata jogoo, na ngazi ikavunjika.

Lori liliendelea kwenda. Kifua cha Hezekiah kilikuwa bado kinadunda, na kingedunda kwa muda. Vumbi lilipotulia, njia ilionekana mbele, nyekundu kati ya majani, ikielekea Korbesa.

"Halafu," alisema, "yule mwenye jogoo alisemaje?"